Tetra si chanjo ya kuku



Juma iliyopita nilipita kwa jirani, nikakuta maji ya kuku yamekuwa manjano. Nikauliza: "Mama, umetia nini?" Akajibu: "Ni tetra. Nimefungua vidonge viwili, juu Newcastle imeingia mu kijiji." Simlaumu, hata mimi nilifanya vile kwa miaka mingi. Lakini leo nasema tunapashwa kuacha.

Kwanza, tunapoteza franga bure. Newcastle inaletwa na virusi, na tetra haiui virusi. Inaua bakteria tu.

Pili, na ndio ubaya zaidi: mu tumbo la kuku kunaishi bakteria za aina nyingi, na Salmonella inaweza kuwa moja yao. Chache kati yao zinaweza kuwa na jeni ya kushinda dawa. Tetra ikiingia, zile zazifu zinakufa, zenye nguvu zinabaki na kuzaana. Ni kama kung'oa mihogo na kuachia magugu shamba lote.

Tena kuko jambo wengi hatulijui. Mara nyingi jeni ile inakaa mu kipete kidogo sana kinachoitwa plasmidi. Bakteria moja inatengeneza kopi ya kipete kile na kumpa mwenzake, hata wa aina ingine. Plasmidi moja inaweza kubeba jeni za kushinda dawa mbalimbali kwa pamoja. Kwa hiyo tetra tunayowapa kuku inaweza kukuza bakteria zinazoshinda hata ampisilini ya watoto wetu.

Salmonella inatoka kwa kuku na kutufikia kwa mikono michafu, mayai mabichi na nyama isiyoiva. Hapa Kongo, waganga wamekuta Salmonella zinazoshinda dawa nyingi ndani ya damu ya watoto, zaidi wale wenye malaria ao utapiamlo. Sisemi zote zilitoka kwa kuku. Wataalamu wanafikiri hizo za damu zinapita zaidi kati ya watu. Lakini plasmidi haiulizi kama bakteria ni ya kuku ao ya mtu.

Mutaniambia: "Chanjo iko mbali, na ni bei." Ni kweli. Chupa moja ni ya kuku wengi, na ikiisha kutayarishwa sherti itumike upesi. Mwenye kuku kumi peke yake hawezi. Koperative inaweza! Tuweke siku moja ya chanjo kila miezi mine, kila mtu alete kuku wake na mchango wake. Na antibiotiki tuitumie tu kama veterineri amesema, kwa kipimo na siku alizotaja.

Jirani yangu amekubali kuwa wa kwanza kuandikisha kuku wake. Mu mkutano unaokuja, nani atamfuata?