Trei Kupanda Bei si Ulafi wa Mfugaji

Makala iliyodai kwamba wafugaji wa Dar es Salaam huficha mayai ili trei ipande bei imewaonea watu. Yai haliwekwi ghalani kama mahindi. Kwa joto la Januari, bila friji, linamwozea mwenyewe. Mwandishi angeingia bandani saa nane mchana angewaona kuku wameachama midomo, mabawa wameyatanua, chakula hawakigusi, wanagombea maji tu. Kuku hatoi jasho, hupoa kwa kuhema. Akila kidogo hutaga kidogo, na kuhema kwenyewe kunadhoofisha ganda. Yai lenye ufa halina mnunuzi wa bei nzuri.

Halafu kuku hatagi kwa amri. Kifaranga wa kuku wa mayai hula wiki 18 hadi 20 kabla ya kutaga yai la kwanza, na chakula ndicho kinachomeza zaidi ya nusu ya gharama za ufugaji. Mahindi na mashudu yakipanda, mfugaji mdogo huuza kuku wake wote. Pengo la mayai linalobaki halizibiki kesho, hata joto likipungua. Kabla ya kumwita mfugaji mlafi, mwandishi aulize kwanza bei ya mfuko wa chakula.