BWANA SHAMBA ANAONGEA NAWE: Kiingereza cha Kopo la Dawa

Mwezi huu siongei juu ya palizi. Naongea juu ya Kiingereza. Msicheke. Kina kazi shambani.

Msimu uliopita mzee mmoja hapa Mkongo alitaka dawa ya wadudu wa ufuta. Alipata kopo lenye maandishi ya Kiingereza kitupu. Alimpa mjukuu wake wa darasa la sita alisome. Mtoto alisoma, akasema, "Babu, ni dawa ya shamba." Mzee akanyunyiza ekari moja. Baada ya siku chache ufuta ulikuwa wa manjano, kisha ukafa. Ilikuwa dawa ya kuua magugu.

Tusimlaumu mtoto. Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa. Kiingereza sivyo. Neno la hatari huandikwa "danger". Ukilisoma kwa herufi zetu utasema "dangeri". Wenyewe husema karibu na "deinja". Tena mtoto huyu amezoea kuitikia maneno pamoja na wenzake darasani. Hajawahi kuyatumia kwa kazi yoyote.

Nilikwenda kwa mwalimu wake, tukapanga somo. Kopo hatukulipeleka. Kopo la dawa ni sumu hata likioshwa. Mwalimu alichora picha tatu: mdudu, magugu, na jani la mkorosho lenye ubwiri unga. Akazitundika kwenye miti mitatu. Akiita "insecticide", watoto wakimbilie mdudu. Akiita "herbicide", wakimbilie magugu. Akiita "fungicide", wakimbilie ubwiri unga, maana ugonjwa huo ni ukungu. Maneno haya yote yana mwisho mmoja, na mwisho huo maana yake ni kuua. Mwanzo wa neno ndio unaokuambia kinachouawa.

Siku ya kwanza mchezo uliharibika. Wote walimfuata mvulana mmoja mwenye mbio. Basi mwalimu akawaita wanne wanne. Wengine walikaa na kuamua nani amepata. Hapo hata mtoto wa nyuma kabisa alisikiliza.

Halafu tulicheza amri. Mwalimu anasema "wash your hands", watoto wanaonyesha kwa vitendo kunawa mikono. Wakishazoea, wao wanamwamuru mwalimu. Waliniamuru na mimi. Nilivaa glavu ambazo hazipo, nikafunika pua kwa kitambaa. Walicheka sana. Lakini aliyekosea hakuchekwa. Mwalimu alikataza hilo tangu mwanzo, kwa sababu mtoto akichekwa mara moja hafungui mdomo tena.

Ninyi mnaosoma Kiswahili tu mna msaada mwingine. Tazama mstari wa rangi chini ya karatasi ya kopo. Nyekundu ni sumu kali kabisa. Njano inafuata, kisha buluu, kisha kijani. Kijani nacho si maji ya kunywa. Lakini rangi haikuambii dawa inaua nini. Kama kopo halina Kiswahili, mwulize mwenye duka kabla hujatoa fedha. Asipojua, acha kopo lake.

Mwalimu huwapa watoto maneno matatu kila Ijumaa wakawafundishe wazazi. Yule mzee naye hufundishwa na mjukuu wake jioni. Juzi nilipita kwao nikamkuta amechanganya "herbicide" na "fungicide". Mjukuu alimrudisha mwanzo.

Mwezi ujao: kukausha ufuta bila kupoteza mbegu.