Injini ya Wakfu Ikichakaa



Juma hili tumeletewa suali na ndugu zetu wa Bangale, kule bara ya Tana River, nalo si la twahara wala la saumu, bali ni la injini. Kisima cha msikiti wao chavuta maji kwa injini ya dizeli iliyowekwa wakfu na mzee mmoja, Mwenyezi Mungu amrehemu, ambaye jina lake limeandikwa kwa rangi ubavuni mwa tangi la kupozea. Injini hiyo sasa yala oili, yatoa moshi wa buluu, na siku nyingine vijana huzungusha hendeli hadi viganja vikachubuka nayo isiwake. Kamati ya msikiti yataka kuing'oa na kuweka nyingine. Wana wa marehemu wamekataa, kwa hoja kwamba siku injini ya baba yao itakapong'olewa, ndipo thawabu zake zitakapokatika.

Anayeijua Bangale hatalichukulia suali hili kwa wepesi. Si mji wa kandokando ya mto kama Hola. Watu na mifugo yao hutegemea visima na malambo, na lambo halina ahadi. Wafugaji wa sehemu hizo wangali wakikumbuka ukame ulioanza vuli ya mwaka 2020, mvua zikakosa msimu baada ya msimu hadi 2022. Injini ikilala siku tatu, ndama ndio wa kwanza kuanguka, na akina mama ndio wanaobeba madumu.

Tuanze na hofu ya wana hawa, kwani ni hofu njema inayotokana na mapenzi ya mzazi. Sadaka yenye kuendelea ni katika yale ambayo Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa hayakatiki kwa mauti ya mtu. Lakini tuulize: kitu gani hasa ndicho kinachoendelea? Sayyidna Uthman bin Affan (r.a.) alipokinunua kisima cha Ruma akawaachia Waislamu, waliofaidika walifaidika kwa maji. Kamba na ndoo zilizotumika pale zilikwisha kuoza karne nyingi zilizopita, wala hatujamsikia mwanachuoni aliyesema kuwa kwa kuoza kwake thawabu zilipungua.

Ni kweli kwamba sisi wafuasi wa Imam Shafi tuna ukali katika wakfu. Asili yetu ni kuwa kitu cha wakfu hakiuzwi wala hakibadilishwi, na ukali huo umeziokoa mali nyingi za misikiti mikononi mwa wenye tamaa. Hata hivyo Imam Nawawi, katika Minhaj, ametaja mikeka ya msikiti iliyochakaa na magogo yaliyovunjika yasiyofaa ila kuchomwa moto, akasahihisha kauli ya kujuzu kuyauza. Wenzetu wa madhehebu ya Imam Ahmad wamekwenda mbele zaidi: manufaa ya wakfu yakikatika, kitu huuzwa na thamani yake ikatiwa katika mfano wake. Nasi twaona injini iliyokwisha silinda, isiyo na spea wala fundi wa kuirudisha, imo katika hukumu ya ule mkeka. Neno la kuangaliwa ni hilo la kukwisha. Injini inayohitaji ringi na noseli tu haijachakaa, ni mgonjwa anayesubiri dawa, na kamati haina ruhusa ya kuing'oa kwa sababu imeona mpya inayong'ara dukani. Kwa hivyo fundi muaminifu, asiye na duka la kuuza injini, aifungue kwanza na aseme mbele ya wana wa marehemu alichokiona.

Mwili wa mashine kuishi kuliko injini yake si jambo letu peke yetu. Huko Canada na kaskazini ya Marekani watu wana mashine za kurusha theluji milangoni mwao, za chuma kizito. Nyingi zilitiwa injini za Tecumseh, na kampuni hiyo iliacha kutengeneza injini ndogo mwishoni mwa 2008. Wenye nazo hawakuzitupa. Waliziweka injini nyingine, mara nyingi za China zilizoigizwa kwa Honda GX, ambazo kwa baadhi ya mashine mashimo ya bolti na unene wa shafti hulingana na ile asili.

Bangale mambo hayalingani kwa wepesi huo. Injini yao ni ya aina ya Lister, iliyoanza kutengenezwa Dursley, Uingereza, na baadaye ikaigizwa sana Rajkot, India. Ina magurudumu mazito mawili, nayo huzunguka mara 650 tu kwa dakika. Hizi ndogo za China za siku hizi hufika 2,200. Tuseme puli ya injini kongwe ni ya inchi 12 na ya pampu ni ya inchi 8: pampu huzunguka mara 975. Ukiihamisha puli hiyo hiyo kwenye injini mpya, pampu itazungushwa mara 3,300, na haitamaliza juma. Yafaa injini ipewe puli ya inchi 5 na pampu ipewe ya inchi 11 na robo, na mwendo utarudi karibu na ule wa kwanza. Puli ndogo kuliko hiyo huuchosha mkanda.

Jambo la pili ni upande wa kuzunguka. Pampu yao ni ile ambayo vyuma vyake vya kuteremka kisimani vimeungwa kwa hesi. Ikizungushwa kinyume, hesi zafunguka na vyuma vyaanguka chini, na hapo hasara si ya injini tena bali ya kisima kizima. Mshale uchorwe kwa rangi juu ya kichwa cha pampu kabla ya kuing'oa injini ya zamani. Vumbi la Bangale nalo lataka chujio la hewa lenye oili, lisafishwe kila baada ya siku chache. Na wanaopendelea mitambo ya jua, hukumu ni hiyo hiyo, ila gharama ya mwanzo ni kubwa.

Injini kongwe ikiuzwa kwa chuma chakavu au kwa mtu atakaye spea, mnunuzi aelezwe aibu zake zote, na fedha zake zisiingie katika rangi ya mnara wala zulia. Ziingie katika injini mpya, na daftari liandike: kiasi hiki kimetokana na wakfu wa mzee fulani, kiasi hiki ni mchango wa jamaa. Kwa sehemu hiyo twataraji wakfu wake waendelea, na waliojazia wana fungu lao. Jina lake liandikwe upya ukutani mwa birika, pamoja na mwaka alioitoa injini.

Kamati imetuarifu kuwa vipimo vitachukuliwa Ijumaa baada ya swala. Wana wa marehemu twawaomba wawepo, hasa mkubwa wao, kwani tumeambiwa ndiye aliyesaidia kuzika bolti za msingi, naye ajua zilivyoshuka katika saruji.