Utabiri wa mvua usiotaja mahali ni hatari

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Vijana wa leo, na baadhi ya wazee wao, hawatazami tena mawingu, hutazama simu. Na simu hiyo yaweza kumwambia mwanafunzi aliyeketi Kitui, jua likimchoma utosini, kwamba kuna manyunyu na baridi ya nyuzi 6 za sentigredi. Vituko vya aina hii vimekuwa vya kawaida miongoni mwa watu wanaotumia VPN, ile njia ya faragha ya kupitishia mawasiliano ya intaneti. Aghalabu lawama huwaangukia watabiri. Maoni yangu ni kwamba watabiri wanaonewa. Utabiri ule waweza kuwa sahihi kabisa, ila ni wa mji mwingine. Kasoro imo katika neno moja dogo ambalo simu hulitumia bila kulifafanua: neno "hapa".

Hebu kwanza tuone jinsi mambo yanavyotendeka. Kila chombo kinachoingia katika intaneti hutambulishwa kwa anwani ya tarakimu. Zipo kampuni ambazo kazi yao ni kuweka orodha za anwani hizo na kukadiria kila moja iko nchi gani na mji gani. Mtu anapowasha VPN, mawasiliano yake hufungwa kwa msimbo na kupelekwa kwanza kwenye seva iliyo kwingineko, tuseme Amsterdam, kabla ya kufika yaendako. Kwa hiyo mtoaji wa taarifa za hali ya hewa haioni anwani ya Kitui. Huiona ya Amsterdam. Ni sawa na barua iliyoandikwa Kitui, ikabebwa hadi ughaibuni, ikatiwa katika bahasha mpya na kupigwa muhuri wa posta ya huko. Mpokeaji akiulizwa barua imetoka wapi, atausoma muhuri.

Njia hii haikuenea Afrika Mashariki kwa bahati tu. Mnamo Julai 2018 serikali ya Uganda ilianza kutoza ushuru wa shilingi 200 kwa siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii, na watu wengi wakakimbilia VPN ili kuukwepa. Hapa kwetu, mtandao wa Telegram ulikwama wakati wa mtihani wa KCSE mnamo Novemba 2023, na tena Novemba 2024, katika juhudi za kuzuia udanganyifu. Waliokuwa wakiutumia kwa biashara na mawasiliano ya halali walilazimika kutafuta njia nyingine. Mtihani hukoma, lakini VPN husahauliwa ikiwa imewashwa, na mvua ya Ulaya huendelea kunyesha katika simu za Wakenya.

Hata hivyo, si kila simu yenye VPN hupotea njia. Simu nyingi za kisasa zina kifaa cha kupokea mawimbi ya setilaiti, na zikipata setilaiti nne au zaidi huweza kukokotoa mahali zilipo kwa usahihi wa mita chache. VPN haigusi hesabu hiyo. Ikiwa mwenye simu ameiruhusu programu ya hali ya hewa kujua alipo, ataletewa habari za Kitui hata kama mawasiliano yake yanazungukia Amsterdam. Akiinyima ruhusa, au akitumia kompyuta isiyokuwa na kifaa hicho, programu huweza kurudi kwenye ile anwani ya tarakimu. Ndiyo maana wanafunzi wawili wanaoketi dawati moja waweza kusomewa tabianchi za mabara mawili.

Mwalimu wa Kiswahili atalitambua tatizo hili upesi, kwa kuwa sarufi yetu ililishughulikia kabla ya kompyuta kubuniwa. Katika ngeli ya mahali, ambayo wanafunzi wetu huikariri kwa jina la PAKUMU, tunatofautisha mahali kwa namna tatu. PA ni mahali maalum panapodhihirika. KU ni mahali kwa jumla, kusiko na mipaka dhahiri. MU ni ndani. Mtu akisema "hapa pananyesha", twajua kwamba anaweza kupaonyesha kwa kidole. Akisema "huku kunanyesha", twajua anazungumzia upande mzima. Sasa basi, setilaiti huipa simu PA. Anwani ya intaneti huipa KU tu, na pengine KU ya mbali mno. Lakini kioo cha simu hakijui kutofautisha. Hukadiria kwa KU, kisha hutangaza kwa sauti ya PA.

Isitoshe, maneno haya ni viashiria, na maana ya kiashiria hubadilika kulingana na mahali alipo msemaji. "Hapa" ya mtu wa Lamu si "hapa" ya mtu wa Kitale. Binadamu asiyejua mwenzake yuko wapi humwuliza: "Hapo ni wapi?" Mashine haiulizi. Isipojua, hukisia, na haitwambii kwamba imekisia.

Mfano mmoja kutoka Marekani utatosha kuonyesha madhara ya tabia hiyo. Kampuni ya MaxMind, mojawapo ya zile zinazoweka orodha za anwani, ilikuwa na mamilioni ya anwani ambazo ilijua tu kwamba zimo nchini humo. Badala ya kuziacha bila mahali, iliziweka zote katika nukta moja karibu na kitovu cha nchi: nyuzi 38 kaskazini na nyuzi 97 magharibi. Nukta hiyo iliangukia kwenye shamba moja karibu na mji mdogo wa Potwin, jimboni Kansas. Habari hii ilipofichuliwa mwaka wa 2016, anwani zaidi ya milioni 600 zilikuwa zimeelekezwa hapo. Kwa miaka mingi wakazi wa shamba hilo walikuwa wakijiwa na polisi na watu wenye hasira, wakitafutwa kwa makosa ya mtandaoni wasiyoyajua. Baadaye kampuni iliihamishia nukta hiyo majini. KU ya nchi nzima ilikuwa imegeuzwa PA ya ua wa mtu.

Msomaji aweza kusema kwamba utabiri wa Amsterdam ni jambo la kuchekesha tu. Nakubaliana naye, na hapo ndipo penye hoja yangu kuu. Kosa kubwa hujitangaza lenyewe. Anayeambiwa habari za theluji akiwa Kitui hatavaa koti. Atacheka, kisha atatafuta habari kwingine. Kosa la kuogopwa ni lile dogo, na hilo halihitaji VPN. Anwani za kampuni za simu mara nyingi huelekezwa kwenye mji mkuu, ambako mitambo yao huungana na ulimwengu. Mkazi wa Lodwar au Lamu aliyeinyima programu ruhusa aweza kusomewa hali ya hewa ya Nairobi, jiji lililo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na asishtuke. Mji anaujua, nchi ni yake, na mawingu ya kioo yanafanana na mawingu. Uongo unaokaribia ukweli ndio unaoaminika.

Tusisahau kwamba katika nchi hii mvua si mazungumzo ya kupitisha wakati. Wakati wa masika ya 2024 mafuriko yaliwaua Wakenya zaidi ya 200. Muhula wa pili ulikuwa umepangwa kuanza Aprili 29. Ukaahirishwa, ukaahirishwa tena, na shule zikafunguliwa Mei 13. Usiku wa kuamkia hiyo Aprili 29, maji yaliporomoka karibu na Mai Mahiu na kuwasomba makumi ya watu. Katika majuma kama hayo, mwalimu mkuu anayeamua kama wanafunzi wavuke mto au walale shuleni hawezi kutegemea "hapa" asiyoijua.

Fauka ya hayo, mafuriko hutufundisha kwamba "hapa" peke yake haitoshi. Mkazi wa Garsen aweza kuwa na anga nyeupe pe pe pe huku maji yakimjia, kwa sababu Mto Tana hubeba mvua iliyonyesha mbali, kwenye miteremko ya Mlima Kenya na Nyandarua. Mvua ya kule huleta mafuriko ya hapa. Mtu huyo anahitaji kujua habari za mahali zaidi ya pamoja, na kila mahali pawe na jina.

Tufanyeje basi? Kuna watakaopendekeza kwamba VPN zipigwe marufuku. Hilo ni kumpiga tarishi kwa sababu ya muhuri. Kazi ya VPN ni kuficha mtu alipo. Inapoificha simu, inafanya kazi iliyotumwa. Wengine watasema tuzipe programu zote ruhusa ya kutufuata kila tuendako. Hiyo nayo ni bei kubwa ya kulipia habari za manyunyu, na mwenye sababu za kujificha asilazimishwe kuilipa.

Suluhisho ni la kale na ni la kiisimu: tutaje jina. Programu nyingi za hali ya hewa humruhusu mtumiaji kuandika mwenyewe jina la mji anaoutaka, hata miji kadhaa. Akifanya hivyo, anwani ya intaneti haina tena la kusema, na VPN iwake au izimwe. Kiashiria huhama na msemaji. Jina hubaki pale pale. Ahakikishe tu kwamba jina ni la mahali anapopakusudia, kwa kuwa iko Malindi ya Kilifi na iko Malindi ya Unguja. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa nchini hutoa taarifa zake kwa kutaja maeneo na kaunti, na taarifa hizo zafaa kulinganishwa na zile za simu, hasa msimu wa mvua unapowadia.

Walimu wana nafasi adhimu hapa. Somo la PAKUMU limezoeleka kufundishwa kwa sentensi za vitabu na viti. Nawasihi waingie darasani na simu moja, wawaulize wanafunzi: utabiri huu unasema "hapa", je, ni hapa wapi, na nani kaiambia simu? Mwanafunzi atakayezoea kuuliza swali hilo kuhusu mvua atauliza pia kuhusu habari nyingine zinazomfikia bila kutaja zitokako. Nasi watu wazima tuanze leo kwa kusoma jina la mji kabla ya kusoma mvua.