Kitanda cha Mtoto Mchanga Si Pambo

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Na kazi hiyo ya kulea huanza usiku ule ule mama anaporejea nyumbani na mwanawe, pale linapozuka swali ambalo aghalabu halikufikiriwa kabla: mtoto atalala wapi?

Kwa vizazi vingi jibu lilikuwa moja. Mtoto alilala ubavuni mwa mama yake, juu ya mkeka au kitanda cha kamba, akanyonya usiku kucha bila mama kuinuka. Siku hizi baadhi ya wazazi, hasa wa mijini, wananunua vitanda vidogo vinavyosogezwa na kufungwa ubavuni mwa kitanda cha mama, vyenye upande mmoja unaoteremshwa. Vingine hutoka ng'ambo, vingine huchongwa na mafundi seremala wa humu humu nchini. Hilo ni jambo jema. Lisilo jema ni namna vinavyochaguliwa. Mnunuzi huuliza rangi, huuliza nakshi, huuliza lesi na vimto vya pembeni, kisha huuliza bei. Ni nadra kusikia akiuliza kama kitanda hicho ni salama. Basi halisifiwi kwa rangi yake ikiwa breki hazishiki, na kitanda cha mtoto mchanga ni chombo cha usalama kabla ya kuwa pambo la chumba.

Jambo hili halipasi kuchukuliwa kuwa dogo. Katika kitabu cha Wafalme kimo kisa cha wanawake wawili waliofika mbele ya Mfalme Suleimani wakigombea mtoto mmoja, baada ya mtoto wa pili kufa usiku kwa kulaliwa na mama yake. Msiba huo wa kale haujakoma. Hata leo, mtoto aliyelazwa mzima akikutwa alfajiri amefariki, neno la kwanza kusikika msibani ni kwamba mama "amemlalia mtoto". Wengine hunong'ona habari za uchawi. Mama aliyekwisha kupoteza mwana hupoteza pia heshima yake, na pengine hata ndoa yake.

Yafaa ieleweke kwamba vifo hivyo si vya namna moja. Vipo vinavyotokana na mtoto kukosa hewa, kwa kufunikwa na blanketi, kuzama katika godoro laini, kubanwa katika mwanya au kulaliwa. Vipo pia ambavyo hata uchunguzi wa kitaalamu hauvumbui sababu yake. Mwaka 1969 wataalamu waliokutana Seattle, Marekani, walivipa vifo hivyo jina rasmi la kifo cha ghafla cha mtoto mchanga. Kwa hiyo kumnyooshea mama kidole si haki wala hakumwokoi mtoto wa jirani. Kinachookoa ni maarifa, yakifika mapema, pamoja na mahali pa kulala palipo salama.

Taifa limepiga hatua kubwa katika kulinda maisha ya watoto. Uchunguzi wa hali ya afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai Tanzania, 67 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa idadi hiyo imeshuka hadi 43. Lakini vifo vya watoto wasiotimiza mwezi mmoja vilishuka kwa shida, kutoka 25 hadi 24. Hapana shaka wengi wa watoto hao huondoka kwa kuzaliwa njiti, kwa kushindwa kupumua wanapozaliwa, na kwa maambukizi. Kitanda hakitibu maradhi hayo, na asitokee mfanyabiashara akadai kinatibu. Hata hivyo, kinga isiyo na gharama kubwa haidharauliwi kwa sababu tu haikingi kila kitu.

Kinga yenyewe inajulikana. Mtoto mchanga alazwe chali kila anapolala, usiku na mchana. Alale mahali pake mwenyewe, penye godoro gumu lililonyooka, pasipo mto, pasipo blanketi zito, pasipo mdoli wala nguo zilizorundikwa. Alale katika chumba cha wazazi wake, karibu na mama, angalau miezi sita ya mwanzo. Uingereza ilianza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1991, na Marekani ikafuata mwaka 1994. Katika nchi zote mbili vifo vya ghafla vya watoto wachanga vilipungua kwa zaidi ya nusu. Haikuhitajika dawa mpya wala mashine, bali wazazi kuambiwa ukweli na kuufuata.

Wako akina bibi wanaohofu kwamba mtoto akilala chali atapaliwa na maziwa anayocheua. Hofu hiyo ina nia njema lakini haina msingi. Mtoto anapolala chali, njia ya hewa huwa juu ya njia ya chakula, na anachocheua hurudi chini kilikotoka au hummezesha mate tu. Anapolala kifudifudi, njia ya hewa ndiyo huwa chini, na matapishi hupata mahali pa kutuama.

Hapa ndipo faida ya kitanda cha ubavuni inapoonekana. Mama anayenyonyesha ni lazima awe karibu na mwanawe, na maziwa ya mama yenyewe ni miongoni mwa mambo yanayopunguza hatari ya vifo hivyo. Lakini ukaribu si lazima uwe kulala juu ya godoro moja. Kitanda cha ubavuni humruhusu mama kunyoosha mkono, kumvuta mtoto, kumnyonyesha, kisha kumrudisha mahali pake. Kinaunganisha desturi ya wazee ya kutomtenga mtoto na matakwa ya afya ya sasa.

Lakini kitanda kibaya ni hatari kuliko kukosa kitanda. La kwanza la kutazamwa ni mwanya baina ya kitanda hicho na kile cha mama. Visukumwe vikagusana, vifungwe kwa mikanda imara, na urefu wake ulingane ili pasiwe na bonde la kumnasa mtoto. Mwanya ukibaki, katu usizibwe kwa mto au blanketi, maana hicho nacho ni kitu cha kumziba pumzi. Upande wa mama nao uwe na ubao mfupi wa kumzuia mtoto asibingirike hadi kwenye mashuka ya wakubwa.

La pili ni fito za pembeni. Fito zikiachana mno, mwili mdogo hupenya kwa miguu na kichwa kikabaki kimenasa. Kwa sababu hiyo sheria ya Marekani ya mwaka 1973 iliweka kipimo kisichozidi takriban sentimita 6 kutoka ufito hadi ufito. Mzazi asiye na futi achukue kopo la soda: likipita baina ya fito, kitanda hicho hakifai.

La tatu ni godoro. Liwe gumu na lijae kitanda chote, kiasi kwamba kati yake na ubao vidole viwili havipati nafasi ya kucheza. Likibonyezwa kwa kiganja linyanyuke mara moja. Sponji kuukuu iliyobonyea katikati, iliyokatwa kutoka godoro la wakubwa, haifai hata ikivikwa shuka la hariri. La nne ni ufundi wenyewe: miguu isiyoyumba, skrubu zilizokazwa, pasiwe na msumari uliochomoza wala kibanzi, na rangi isiwe yenye madini ya risasi.

Wala bei kubwa isimhadae mtu. Marekani, nchi yenye viwanda na maabara, iliruhusu kwa miaka mingi vitanda vyenye upande wa kushuka na kupanda ambavyo vilinasa na kuua watoto, hata ikalazimika kuvipiga marufuku mwezi Juni mwaka 2011. Mwaka 2022 sheria nyingine ilipiga marufuku vitanda vya watoto vyenye mwinamo unaozidi nyuzi 10, pamoja na mito ya kuzungushia pembeni. Mtoto akiinamishwa, kidevu huangukia kifuani na njia ya hewa ikabanwa. Hivyo basi, kitanda cha ubavuni chenye kidude cha kuinua upande wa kichwa si maendeleo. Ni kosa ambalo wenzetu wamekwisha kulilipia kwa maisha ya watoto wao.

Nchi yenye malaria ina sharti moja zaidi, nalo ni chandarua. Kitanda kidogo kikiwa kimeunganishwa na cha mama, chandarua kimoja kikubwa kivifunike vyote viwili na kuchomekwa chini ya magodoro. Kivutwe vizuri kisilegee kumwangukia mtoto usoni, na kamba zake ziwe mbali na mikono yake. Na mtoto anapoanza kujiinua kwa mikono na magoti, kitanda cha ubavuni kimekwisha kazi yake. Apelekwe katika kitanda chenye kuta ndefu.

Zipo familia nyingi ambazo haziwezi kununua kitanda cha namna yoyote, na hizo zisisahauliwe. Finland ilianza mwaka 1938 kuwapa akina mama maskini sanduku la vifaa vya mtoto lenye kigodoro ndani, ambalo lenyewe lilitosha kuwa kitanda. Mwaka 1949 kila mama akastahili kulipata, kwa sharti la kuhudhuria kliniki mapema katika ujauzito wake. New Zealand, kuanzia mwaka 2006, Wamaori walirudia ususi wa jadi wakasuka vikapu vya kulaza watoto, ambavyo huwekwa juu ya kitanda cha wazazi ili mtoto awe karibu na bado awe na mahali pake. Vikapu hivyo hutolewa pamoja na mafunzo. Funzo la nchi zote mbili ni moja: usalama wa mtoto haukungoja utajiri, na kifaa kilikwenda pamoja na elimu.

Na mama ambaye hana budi kulala na mtoto kitandani asidanganywe wala asikemewe. Aambiwe ukweli kwamba hatari huzidi mno ikiwa yeye au mwenzake amekunywa pombe, anavuta sigara au ametumia dawa za usingizi. Ikiwa mtoto alizaliwa njiti au na uzito mdogo. Ikiwa watoto wengine wamelala hapo hapo. Au ikiwa kuna mito na magodoro ya kudidimia. Aambiwe pia kwamba kusinzia na mtoto juu ya kochi ni hatari kuliko kusinzia naye kitandani.

Kwa hiyo wajibu umegawanyika. Mafundi wa Keko jijini Dar es Salaam, na wenzao wa kila mkoa, wana mbao na wana mikono. Wanachokosa ni kipimo. Shirika la Viwango la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, lingefanya jambo la maana kwa kutoa mchoro wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi, wenye vipimo vya kitanda salama cha mtoto mchanga. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na vyuo vya VETA vingeufikisha mchoro huo karakanani. Fundi akishika kipimo, mzazi wa kipato cha chini hatakuwa na sababu ya kuvitamani vya ng'ambo.

Kliniki nazo zisiishie kwenye mizani na chanjo. Swali la mahali atakapolala mtoto liulizwe mama angali mjamzito, kwa kuwa akishajifungua huwa amechelewa. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao wa taifa ulizinduliwa mwaka 2024, wana nafasi ya kuingia chumbani na kukiona kitanda kwa macho yao. Umoja wa Wanawake na mabalozi wa mashina wanaijua kila nyumba yenye mzazi. Elimu hii haigharimu zaidi ya mazungumzo ya robo saa.

Akina baba nao wasijitoe. Kupima fito, kukaza skrubu, kufunga mikanda na kuacha kuvuta sigara ndani ya nyumba ni kazi ambazo hazihitaji kungoja arobaini ya mzazi iishe. Baba anayejivunia kununua kitanda cha bei, kisha asikague mwanya wake, amenunua sifa tu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jambo hili ufa wenyewe ni mwanya wa vidole vichache kati ya godoro na godoro, na anayeweza kupotelea humo ni raia mdogo kuliko wote, asiyeweza kujigeuza wala kuita. Uzibwe leo, kabla ya jua kutua.