Mlaji analipishwa mzigo mmoja mara mbili

MWENYE duka anayeagiza bidhaa ileile mara mbili kwa sababu makarani wake hawakusemezana, hasara ni yake mwenyewe. Kwenye tovuti za biashara uzembe huohuo upo, ila anayebebeshwa hasara ni mteja, kwa bando lake.

Tuchukue jQuery, maktaba ya skripti iliyotoka mwaka 2006 na ambayo bado imejaa kwenye tovuti za maduka. Toleo la 3, likishabanwa kwa ajili ya safari, lina takriban kilobaiti 30. Aliyetengeneza ukurasa ameiweka; aliyeleta kipande cha malipo naye kaja na yake, kutoka anwani nyingine. Kivinjari hakijui kuwa ni kitu kilekile, kinashusha zote mbili. Kwa wageni wapya 10,000, nakala hiyo ya ziada ni karibu megabaiti 300. Wapo wanaojitetea kuwa mteja huwa tayari ameihifadhi alipopita tovuti nyingine. Hoja hiyo ilikufa Oktoba 2020, Chrome ilipoanza kutenga hifadhi ya kila tovuti. Safari ilitangulia tangu 2013.

Bando lenyewe ni hasara ndogo. Skripti ya malipo ikiingizwa tena kila mteja anapofungua dirisha la kulipia, hutekelezwa upya hata kama faili halikushushwa upya. Kitufe kimoja kinapata wasikilizaji wawili, na mbofyo mmoja unaweza kutuma oda mbili. Hapo anayekesha ni mhasibu. Mafaili ya mitindo nayo yana vurugu zake: kanuni zikilingana uzito, inayoingia mwisho ndiyo yenye kauli, na duka linabadilika rangi mteja akiwa ndani.

Dawa ni leja. Kila faili liombwe kupitia mlango mmoja unaotunza orodha ya anwani. Lakini wapo mafundi wanaoandika faili likishafika, na hilo halitoshi: waombaji wawili wakija pamoja, wote watakuta leja tupu na wote wataagiza. Iandikwe oda inapotoka, kama afanyavyo karani wa stoo, na mwombaji wa pili asubiri mzigo uleule. Mzigo usipofika, oda ifutwe ili ijaribiwe tena. Anwani nazo ziandikwe kwa namna moja, maana mkia wa "?v=2" unatosha kulifanya faili lilelile lionekane geni.

Kwa skripti za moduli kivinjari chenyewe hutunza leja hiyo. Agizo la import la kuziita wakati wowote liliingia Chrome mwaka 2017 na Firefox mwaka 2019, na safu hii haioni sababu ya kulipia kazi mpya isiyolitumia. Mwenye duka halazimiki kujua msimbo. Kabla ya kulipa awamu ya mwisho, akae na fundi wake, wafungue na kufunga dirisha la malipo mara tatu, kisha ahesabu majina ya mafaili yanayojirudia.