Wahisani Wanapofunga Mikoba: Mtwara Imewahi Kuyaona Haya

Mapema mwaka 2025, baada ya Misa ya kwanza ya Dominika hapa Chuno, mama mmoja alinisubiri nje ya sakristia. Hakuja kuomba nia ya Misa wala cheti cha ubatizo. Aliuliza kwa sauti ya chini: "Baba, ni kweli dawa zetu zitakwisha?" Alikuwa amesikia redioni kwamba Marekani imesitisha misaada. Nilimwambia aendelee kuhudhuria kliniki yake kama kawaida, na ushauri huo ulikuwa sahihi. Lakini nakiri kwamba moyoni sikuwa na jibu la swali lake.

Habari aliyoisikia ilikuwa ya kweli. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya maendeleo kwa siku 90. Mwezi Machi serikali yake ikatangaza kuifuta asilimia 83 ya miradi ya USAID, na ilipofika tarehe 1 Julai shirika hilo, lililoundwa mwaka 1961, likakoma kutoa misaada. Uingereza nayo imetangaza kupunguza fungu lake kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi asilimia 0.3 ifikapo mwaka 2027. Kanisa halikusalimika: Catholic Relief Services, shirika la misaada la Wakatoliki wa Marekani, lilikuwa likipata kwa USAID karibu nusu ya bajeti yake.

Wapo ndugu zetu waliofurahi, wakisema kwamba sasa tutajifunza kujitegemea. Furaha hiyo siiafiki. Tangu mwaka 2003, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, PEPFAR, umewawezesha maelfu ya Watanzania kuishi, kulea watoto na kulima. Mtu anayemeza dawa kila siku hawezi kuambiwa asubiri taifa lijifunze somo. Anayeumia kwanza msaada ukikatwa si afisa aliyezoea posho za semina. Ni yule mama wa sakristia.

Hata hivyo, sisi wa Kusini tuna kumbukumbu ambayo ingefaa itusaidie kufikiri. Bandari yetu ni tunda la mradi wa maendeleo ulioanguka. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikusudia kulima karanga kwa matrekta Kongwa, Urambo na Nachingwea, ili ipate mafuta ya kula. Ili kuzisafirisha karanga za Nachingwea, ikajengwa reli na bandari ya kina kirefu hapa Mtwara. Udongo haukuchunguzwa ipasavyo, mvua haikufuata ratiba ya London, mitambo ikaharibika, na wenyeji walioijua ardhi hiyo hawakuulizwa. Mwezi Januari 1951 mradi ulitangazwa kuachwa, baada ya kuteketeza zaidi ya pauni milioni 35. Reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bandari ilibaki, na leo inapakia korosho, zao ambalo wakulima wetu wenyewe walilipanda.

Kisha wakaja Wafini. Kuanzia miaka ya 1970, Finland iligharamia maji vijijini katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Waliozaliwa kwenye uwanda wa Makonde wanajua thamani ya ndoo moja ya maji. Mama zetu walishuka bondeni usiku na kupanda alfajiri. Kwa hiyo sitawabeza waliotuletea maji. Lakini nakumbuka nikiwa mtoto pampu ya mkono iliyosimama miezi mingi kwa sababu ya kipande cha mpira kilichochakaa. Kila mtu aliiita "pampu ya wazungu", na kwa kuwa ilikuwa ya wazungu, hakuna aliyechangisha fedha ya mpira. Wafini wenyewe waliliona tatizo hilo: mpango wao uliofuata, RIPS, uliojulikana sana hapa katika miaka ya 1990, ulifikia kukaa na wanakijiji na kuwauliza wanataka nini.

Mwaka 1967 ulikuwa na sadfa ya pekee. Mwezi Februari Mwalimu Nyerere, kupitia Azimio la Arusha, alionya kwamba taifa linalojengwa juu ya fedha za wengine linahatarisha uhuru wake. Mwezi Machi Papa Paulo VI, katika Populorum Progressio, alizikumbusha nchi tajiri kwamba kuzisaidia nchi maskini ni wajibu wa haki, si hisani tu. Watu hupenda kuchagua sauti moja kati ya hizo mbili. Mimi naona zinahitajiana. Mtume Paulo alipowachangisha Wakorintho kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakuwaita wafadhili. Alizungumzia usawa, kwamba ziada ya huyu izibe upungufu wa yule, na kesho iwe kinyume chake.

Serikali yetu imeanza kuitikia: bajeti ya 2025/26 iliweka tozo mpya, sehemu yake ikielekezwa kwenye mapambano dhidi ya UKIMWI na bima ya afya kwa wote. Tozo haipendwi na mtu, nami silipi nikitabasamu. Ila heri dawa inayotokana na jasho letu, mradi tuonyeshwe hesabu.

Na hesabu hiyo ianzie nyumbani. Maaskofu wa AMECEA walisema tangu miaka ya 1970 kwamba Kanisa la Afrika Mashariki lijitegemee, lakini bado tunapotaka kuezeka paa tunaandika kwanza barua ya Ulaya. Katika kikao cha Halmashauri ya Walei nilipendekeza kila kaya yenye mikorosho itoe kilo moja msimu wa mnada kwa ajili ya mfuko wa wagonjwa. Mzee mmoja alisimama akaniuliza: "Baba, kwenye chama cha msingi tunakatwa, serikalini tunakatwa, sasa na kanisani? Na kilo hiyo tukishaitoa, nani atatusomea matumizi yake?" Nilimwomba yeye mwenyewe awe mmoja wa watakaoyasoma. Amesema atafikiri, na kikao kijacho ni baada ya mnada wa kwanza.